Upatu wa Kurasa

Mama yangu alicheza upatu wa pesa:
wanawake kumi, elfu tano kila mwezi,
anayepokea hununua godoro, au bati,
au humaliza deni la duka akapita kifua mbele.
Sisi tuko watano, hapa Limbani, Wete,
na upatu wetu ni wa kurasa.

Kila Jumanne baada ya isha,
chumba cha cherehani cha Mize Kombo,
vipande vya kitambaa bado vimo sakafuni,
kila mtu anatia kurasa tatu mezani.
Na kila wiki mmoja anapokea.
Hapokei shilingi, anapokea masikio:
dakika arubaini, watu wanne kimya,
hakuna simu, hakuna "samahani, naja mara moja".

Daftari analo Hamad Shaame,
karani wa mahakama,
mwandiko wake umenyooka kama hukumu.
Daftari lile halina safu ya sababu.
Nilimwambia mwanangu alikuwa na homa.
Akasema pole, akauliza kapewa dawa gani,
kisha akaandika: Zuwena, anadaiwa tatu.
Wiki ya pili karafuu, tumekesha tukichambua,
vidole vinanuka, havishiki kalamu.
Pole. Sita.
Wiki ya tatu umeme ulikatika.
Msellem, muuza urojo, hakusema kitu,
alinionesha tu ukurasa wake
wenye tone la nta pembeni.
Tisa.

Nikaanza kupita njia ya nyuma,
ile yenye matope, nisionane na Mize.
Tukaonana sokoni, mbele ya fungu la dagaa.
Dawa ya deni kulipa, najua,
lakini deni hili hukopi kwa jirani ukalilipa.
Hakuniuliza lolote. Alichagua dagaa wake,
akasema: "Jumanne zamu yako kupokea."

Nilikwenda mikono mitupu.
Nilidhani watampa zamu mwengine,
Kazija labda, mkunga,
ambaye hadithi zake zote zinaanza usiku wa manane
mtu akigonga mlango.
Hamad alivua saa, akailaza mezani.
"Zamu haihamishwi. Tunakusikiliza."

Na wakanisikiliza.
Dakika arubaini.
Nilisikia feni. Nilisikia paka juu ya bati.
Nilimsikia Mize akizuia kikohozi,
akikistahi kitabu ambacho hakipo.
Dakika ya kumi niliwachukia wote.
Ya ishirini nikataka kulia,
ya thelathini nikataka kucheka,
na baada ya hapo sijui ilikuwa ya ngapi
nikamsikia bibi,
yule bibi ninayemuandika toka mwaka juzi
na kila siku namuacha mlangoni,
akijifunga kisutu chake, akimwambia mumewe
maneno ambayo mimi sikumpa:
"Talaka yangu nipe kwa maandishi.
Mdomo wako naujua."

Hamad akavaa saa.
Msellem akagawa mbatata, pilipili kando.
Hakuna aliyenilaumu, hakuna aliyenifariji,
na nilishukuru zaidi kwa hili la pili.
Daftari: Zuwena, kapokea. Anadaiwa kumi na mbili.

Usiku ule nilikaa jikoni
na nyuma ya risiti ya umeme
nikaandika sentensi ya bibi,
nikaikata, nikairudisha.
Nikamtafutia mume jibu. Hakuwa nalo.
Nikamuacha asimame tu, kanzu mkononi,
mtu mzima anayetafuta kalamu nyumba nzima.

Jumanne nilitia mezani nusu ukurasa.
Hamad aliupima kwa rula.
Wallahi, kwa rula.
Akaandika: kumi na nne na nusu.

Deni limekua.
Nikarudi nyumbani kwa njia ya mbele.